Miguu Saba

Saa kumi na mbili asubuhi, Julai, Pangani.
Baridi imewashika wadudu kwa shingo.
Ndiyo saa yangu.
Jua likishapanda juu ya mabati ya Mathare
kila chenye mbawa huwa na shughuli zake
na mimi sina cheo cha kumwambia nyuki asimame.

Juu ya sukuma wiki, kwenye gunia la roshani,
nimemkuta kifaurongo.
Punje ya mchele inamzidi urefu.
Nilipogusa jani, akakunja miguu, akafa,
kifo safi, cha kurithi,
na tangu ninunue lenzi hii kwa mkopo wa chama
sijawahi kumshukuru mwongo kama leo.

Maana lenzi yangu inaona kidogo sana.
Inakata mwanga kwa wembe,
ukanda mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu:
unapogusa, unywele unahesabika;
mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu.
Ukilipata jicho, umezikosa papasi.
Ukizipata papasi, mgongo umezama
kama kijiko kwenye beseni la povu.

Basi namchukua vipande vipande.
Picha moja, kisha skrubu.
Skrubu ya cherehani iliyokufa,
Mutinda wa Kamukunji aliichomelea kwenye reli
akaniuliza mashine hii inashona nini.
Robo ya robo ya mzunguko. Picha. Skrubu. Picha.
Taa nimeivisha pakiti ya maziwa
isimwangaze kwa ukali.

Wakesho wa mlango wa pili ananihesabia,
sweta ya shule, kiatu kimoja.
"Kumi na nane."
Pumzi ameibana mpaka mashavu yamejaa.
"Kumi na tisa. Lori!"
Naondoa mkono.
Lori la kokoto linapita Barabara ya Thika,
ghorofa nne zinatetemeka pamoja na jani,
tunangoja hadi vikombe vinyamaze kabatini.
"Ishirini."

Kwenye thelathini na moja marehemu alichoka.
Akanyoosha mguu mmoja, wa kushoto, wa katikati,
taratibu, kama mtu anayepima maji ya kuoga.
Nikaendelea. Ningefanyaje?
Arobaini.

Laptopu ikazirundika picha zile, moja juu ya nyingine,
ikichagua kutoka kila moja kile ilichokiona vizuri.
Ilichukua muda wa maharagwe yasiyo na magadi.
Kisha akatokea, mzima, kutoka papasi hadi mkia:
jicho la vidirisha mia, na katika kila kidirisha
pakiti yangu ya maziwa, inang'aa;
vumbi la chavua shavuni;
na ubavuni mguu uliokunjwa
na mguu uleule, umenyooshwa,
mwepesi, unaona jani kupitia kwake.

"Kumbe wana saba," Wakesho akasema.

Kuufuta ni dakika mbili.
Ndiyo kazi yangu, River Road, ghorofa ya kwanza,
picha za pasipoti, mandhari nyeupe, usicheke, usifumbe.
Kutwa nzima nawafuta watu makovu.
Jana mzee mmoja aliitazama picha yake mezani,
akajipapasa paji la uso, mahali nilipopasafisha,
akalipa, akaondoka bila kusema neno.

Mguu ule nimeuacha.

Kifaurongo naye hayuko tena,
jani lina tundu jipya ambalo halikuwepo kwenye picha ya kwanza.
Mama Wakesho anaita, basi la shule linapiga honi,
na mtoto amelala chali kwenye ngazi,
mikono kifuani, magoti juu, amekufa.
"Wakesho!"
Amekufa kabisa.
"We Wakesho!"
Mimi na kamera tunasubiri, hatusemi kitu.
Ndani ya soksi isiyo na kiatu
kidole gumba kinasogea.