Majivu Vidoleni

Kubangua korosho, kwanza paka majivu.
Vidole vyote, hadi kwenye kucha,
maana utomvu wa ganda hauna msalie mtume:
ukikugusa leo, wiki ijayo unamenyeka kama kitunguu.

Ndivyo tunavyokaa, mimi na Somoe,
nyuma ya nyumba yake, Kitangari,
tangu msimu ule bei ilipoanguka
tukasema heri tubangue wenyewe.
Yeye anakaanga, mimi nagonga.
Moshi mweusi unatufanya tufanane.

Jumapili moja Katekista Dismas alitugawia vikaratasi.
"Andika jina la mtu mmoja tu
ambaye hujawahi kumwambia habari za Yesu."
Mmoja! Kalamu ilikwenda yenyewe.
Nikakunja, nikafunga kwenye pindo la kanga
pamoja na mia tano ya chumvi.

Jumatatu nikasema, leo moshi ni mwingi.
Jumanne alikuwa na deni la kikundi,
na mtu mwenye deni humwongezei neno.
Jumatano alicheka sana, nikaona haya kumkatiza.
Kisha ukaingia mwezi wa mfungo, nikasema, heshima;
nikampelekea magimbi ya kufuturu,
nikala naye, nikamwombea kimyakimya, nikarudi.
Alhamisi moja nikaifua ile kanga.
Jina la Somoe likatoka ujiuji mweupe,
na mia tano juu yake, imetakata.

Niseme kweli: sikumwogopa Somoe.
Niliogopa kuonekana mchuuzi,
yule anayekuja na tabasamu, na mfuko mgongoni.
Niliogopa maswali. Mimi darasa la saba,
yeye kahitimu madrasa, aya kazihifadhi;
akiniuliza la kwanza, la pili,
la tatu jibu lake nitalitoa wapi?
Na urafiki wetu je?
Huu haukaangwi mara ya pili.

Basi jana ganda likampasukia mkononi.
Alikuwa kasahau majivu.
Nikamshika, nikamsugua mafuta ya nazi,
naye kauma meno, akasema bila kuniangalia:
"Kornelia. Usiku ule Osmund alipoletwa kutoka Ndanda,
kwenye turubai, nilipiga kelele mimi kuliko wewe.
Wewe ulikaa. Ulishikwa na nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile la siku zote:
"Nimezoea." Nani anazoea?
Lilinifika kwenye meno, nikalimeza.
Nikasema, "Sikuwa peke yangu."
"Si tulikuwepo! Tulijaa hadi barazani."
"Siyo ninyi."

Hapo ulimi ukawa mzito kama kinu.
Sikukumbuka mstari hata mmoja,
wala zile hatua nne za Dismas.
Nikasema nilivyoweza:
"Usiku ule sala iligoma. Baba Yetu niliishia njiani.
Likabaki jina tu, Yesu, Yesu,
nikawa nalipapasa kama mtu aliyezimikiwa na taa
anapapasa ukuta, anautafuta mlango.
Na ukuta, Somoe, ulikuwa na joto.
Ulikuwa kama mgongo wa mtu."

Kimya. Kwenye bati
kilo nzima ya korosho ikageuka mkaa,
hakuna aliyeinuka.

Sikumwambia aje kanisani. Hakuniambia atakuja.
Aliniangalia kama anayepima gunia lililopungua uzito:
"Miaka sita tunakula bakuli moja.
Na hili umelifungia chumbani?"
Nilitaka kutaja karatasi, kanga, moshi, deni.
Nikaona vyote ni maganda.

Leo asubuhi nimemkuta keshawasha moto.
Kibakuli cha majivu kakiweka upande wangu.
"Paka," akasema, "halafu endelea.
Ulikuwa umefika ukutani."