Wawili kwa Uzi Mmoja

Treni ya saa tatu asubuhi kutoka Dundee.
Fadhumo wa maabara alinielekeza:
"Kaa kulia. Kushoto utaona ng'ombe tu."
Nikakaa kulia.
Kwanza viwanja vya gofu, wazee wenye kofia
wakibishana na upepo kwa kijipira,
kisha mchanga, kisha yenyewe,
ya kijivu, pana, haina ng'ambo.

Mimi ni wa Kibirizi, Kigoma.
Nimezaliwa majini, ila maji yenye ng'ambo:
mawingu yakipungua unaiona milima ya Kongo
imekaa kule kama jirani asiyefunga mlango.
Dar nilipita usiku, toka basi hadi ndege;
bahari niliisikia harufu tu.
Basi msinicheke nikisema
bahari ya kwanza kuiona kwa macho haya
niliiona Uskoti, nimevaa soksi mbili mbili.

Arbroath. Stesheni ndogo, mtu mmoja anafagia.
Nikashuka bandarini nikifuata pua,
na pua haikunidanganya:
moshi wa kuni ngumu, mafuta ya samaki
yakidondokea makaa,
moshi ule ule unaoganda kwenye kitenge cha mama
tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

Uani kwa Bi Elspeth kuna pipa, nusu limezikwa,
juu yake magunia yaliyoloweshwa.
Mikono yake myekundu hadi viwikoni.
Anafunua pembe ya gunia, anachungulia, anafunika,
kama anayetazama mtoto kama amelala.
Ndani, samaki wamening'inia juu ya fito
wawili wawili, mkia kwa mkia, uzi mmoja.

"Naomba mmoja."
"Hatuuzi mmoja," akasema.
"Wamefungwa hivyo, wamekauka hivyo, wameiva hivyo.
Mmoja peke yake atakaaje kwenye ufito?
Ataanguka motoni."

Nikacheka. Halafu sikucheka.

Kwetu pacha wa kwanza huitwa Bukuru,
wa pili Butoyi. Butoyi ni mimi.
Pesa ya pasipoti na viza ilitosha mtu mmoja.
Bukuru akasema, "Nenda wewe,
mimi hesabu zinanipiga chenga."
Uongo. Ndiye aliyenifundisha sehemu na desimali
kwa kugawa mafungu ya dagaa mchangani.

Nikalipa pauni bila kuzigeuza shilingi;
ukigeuza, huli.

Wa kwanza nilimla juu ya majabali mekundu
na ugali baridi niliobeba kwenye kopo la aiskrimu.
Ngozi ilivuka kama karatasi ya dhahabu,
mnofu ukaachana na mfupa bila ugomvi.
Shakwe mmoja alisimama hatua tatu
akinikodolea bila haya, kama mkusanya ushuru.
Chini, wimbi likiingia pangoni lilitoa sauti
ya mtu anayefunga mlango mzito, anaufungua, anaufunga.

Nikateremka. Nikachota kiganja. Nikaonja.
Kwamba ni chumvi nilijua tangu darasa la nne;
ulimi ulikuwa haujaambiwa.
Nikatema, nikachota tena.

Saa kumi jua lilishaondoka;
Novemba hapa haliagi mtu.
Ndani ya treni wa pili amelala begini,
kafungwa gazeti, uzi bado mkiani.
Mama mmoja akahama kiti.
Mtoto wake akageuka, akavuta pumzi ndefu,
akanitabasamia kwa njaa.

Nikamtumia Bukuru picha ya wote wawili
niliyopiga kabla sijakata uzi kwa meno.
Kwao ni usiku; nilimwona yupo, anaandika,
ameacha, anaandika.

"Mbona wamewakata vichwa?" akauliza.
"Utamu wote uko huko."

Kisha, tumeshapita Carnoustie:
"Na huyo mwingine unamwekea nani?"

Dundee ilianza kuwaka taa kwa mbali.
Niliandika, nikafuta.
Vidole vilinuka moshi, simu ikanuka moshi.