Lango la Chini

Saa tisa usiku, Aprili, kwenye mteremko wa Gönc.
Kipimajoto kilichofungwa kwenye shina
kinasoma moja chini ya sifuri, bado kinashuka,
na miaprikoti imechanua tangu Jumanne,
maua meupe, hayana habari.

Nimeitwa kwa sababu nina toroli.
Tairi lake linavuja. Ndoo ya Rozália nayo inavuja.
Neno ni moja, na hakuna aliyeshangaa.

Vendel amerudi kutoka chuoni Miskolc
na tochi, na jambo la kusema.
"Shangazi, hewa ni giligili. Kama maji tu.
Chochote kisichojua kukaidi
kikisukumwa ubavuni, kikatiririka,
ni giligili."

Rozália anavaa glavu ya kushoto.
Ya kulia haijaonekana tangu Februari.
"Giligili ni supu," anasema. "Hewa ni hewa.
Nani amewahi kulowa hewa?"

Nikawaza: kweli, hatuinywi.
Pumzi tunaivuta, kama kamba,
kisha tunaishusha, kama mzigo,
na kati ya kuvuta na kushusha
hakuna kikombe.

Tukateremka. Nyasi zinavunjika chini ya buti.
Usoni baridi ya kawaida;
magotini baridi nyingine, nzito,
kama mtu anayevuka kijito bila kukiona.

Chini kabisa kuna ua wa mbao zilizobanana.
Gellért, marehemu mumewe, aliujenga
mwaka ule paa walipotafuna magome.
Paa hawakurudi.
Wala miti saba iliyo karibu na ua haikuzaa tena,
na watu walisema ni udongo.

Rozália akawasha konzi ya majani mabichi.
Moshi ukapanda hadi kiunoni, ukachoka,
ukageuka, ukafuata mteremko
ukipita kati ya mashina polepole
kama uji uliopindukia mezani,
ukafika uani. Ukasimama.
Ukaanza kujaa.

Hakuna aliyesema kitu.
Vendel alikuwa na la kusema; nilimwona akilimeza.

Bawaba za lango zilikuwa zimeganda.
Rozália akaweka bega, mara moja, mara mbili,
akamtukana Gellért kwa upole,
lango likaachia.
Moshi ukainama, ukatoka,
ukaangukia bondeni kuelekea reli.

"Inamwagika," akasema.

Vendel akageuza uso.
"Usicheke, wewe. Nimesema baridi inamwagika.
Sikusema hewa."

Tukang'oa mbao nne zaidi, kisha sita.
Mikono yangu haikuwa yangu tena.
Kipimajoto cha chini kiligoma pale kilipokuwa,
hakikupanda, hakikushuka,
na mbwa wa kituo cha reli akaanza kubweka
kana kwamba amefikiwa na mgeni.

Kulipopambazuka Rozália alichuma ua
la mti wa kwanza kati ya ile saba,
akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba.
Kitovu cheusi: limekufa kwa jalidi.
Akachuma la pili. Jeusi.
La tatu, kijani.
Akavua glavu, akahamia mti unaofuata
bila kututazama, midomo ikihesabu.

Vendel alitaka kumuuliza. Nikamkanyaga mguu.

Nikasukuma toroli langu hadi nyumbani,
tairi likivuja njia nzima,
wala sikulowa.