Mkate Ndani ya Krenki

Ililia ukikanyaga klachi, ikanyamaza ukiiachia.
Wiki tatu nilisingizia mkanda wa feni,
nikasingizia baridi ya Racha,
hata kuku wa jirani.
Kisha gia ya kwanza ikaanza kugoma,
ikasaga meno kama mtu aliyeota deni.

Tuliishusha giaboksi, mimi na baba,
chali chini ya Niva,
theluji ikiyeyuka kwenye bampa
tone kwa tone ndani ya sikio langu.
Bolti ya mwisho ilikuwa imeliwa na kutu.
Ilitoka kwa matusi.

Nayo hiyo hapo, mwisho wa krenki, kitovuni mwa flaiwili:
beringi ndogo, haizidi mdomo wa kikombe cha kahawa.
Nilitia kidole. Gololi zilicheza
kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Ukiachia klachi," baba alisema,
"injini na shafti huzunguka kama kitu kimoja,
naye amelala katikati yao.
Ukikanyaga, wakaachana,
hapo ndipo anapoamka kufanya kazi."

Sikujibu. Nilitazama ng'ambo ya uzio,
moshi wa ami Jumberi ukipanda.
Hawajasemezana tangu mizabibu igawanywe.
Gari halikugawanyika.
Mimi hupeleka funguo, hurudisha funguo,
hupeleka "mwambie", hurudisha "naye mwambie".

Sokoni Kutaisi muuzaji aliniwekea tatu mezani.
Ya kwanza haina jina, bei ya kilo ya maharage.
Ya pili kuukuu, imeoshwa kwa petroli:
"Hii ya enzi zile, binti, haifi."
Ya tatu imefunikwa pande zote, grisi yake tumboni,
bei yake ya kukunja uso.
Nilizizungusha moja moja sikioni.
Ya kwanza ilinong'ona mchanga.
Ya kuukuu ilizunguka, ikazunguka, kavu, haina breki ya haya.
Ya tatu ilikwenda kwa uzito,
kama mtu anayefikiri kabla ya kusema,
ikasimama.
Nililipa. Nusu ya pesa ilikuwa ya ami,
imeviringishwa kwenye gazeti, bila salamu.

Kuing'oa ile mbovu, chombo hatuna.
Baba alijaza grisi tunduni, akapiga nyundo;
grisi ikamrukia ndevuni.
Kutoka uzioni: "Natela, mwambie atumie mkate."
Baba alisikia. Alingoja nimwambie.

Mama Eteri alikataa. Mkate ukianguka sakafuni
huyo huuokota na kuubusu.
Mwishowe alikata kiganda kigumu cha juzi,
akakibusu kwanza, akanipa, akageuka asione.

Tulikilowesha, tukashindilia, tukapiga.
Tukashindilia tena.
Unywele mmoja, unywele wa pili,
kisha ikaja yenyewe kiganjani,
ikisukumwa na chakula cheusi kama lami.
Nilikomba makombo yote kwa kijiko.
Mpya tuliigonga kwa pete yake ya nje tu;
ukigonga ya ndani umeiua kabla haijazaliwa.

Jioni nilikanyaga klachi. Kimya.
Nikatia gia ya kwanza, ikaingia kama mkono mfukoni.

"Ilitoka?" ami aliuliza uzioni, akinitazama mimi.
Nilifungua mdomo.
"Ilitoka," baba alisema, akiwa angali chini ya gari.

Nikabaki na spana mkononi,
sina pa kuipeleka.