Andalio la Somo Lenye Doa la Maziwa

Kitabu cha saikolojia kilisema: chukua bilauri mbili,
moja fupi nene, moja ndefu nyembamba,
mimina mbele ya mtoto, kisha muulize ipi ina zaidi.
Mtoto wa miaka mitano, kilisema, atachagua ndefu.
Nikazibeba kutoka chuoni, nimezifunga kwa soksi,
nikapanda utelezi wote ule juu ya Kiwira,
mwanachuo wa mwaka wa pili, viatu vimekunywa tope,
kwenda kuthibitisha.

Darasa la awali zamani lilikuwa stoo ya mbolea;
ukinusa vizuri, bado ni stoo.
Watoto arobaini na mmoja, majamvi mawili,
ukungu unaingia dirishani bila hodi.
Niliwaita mmoja mmoja nyuma ya ubao.
Anyandwile: ndefu. Gwakisa: ndefu.
Ipyana aliitazama fupi, akanitazama mimi,
nikarudia swali, akasema: ndefu.
Nane mfululizo. Nikatia vema nane,
moyo mwepesi kama wa msafiri aliyeikuta njia
palepale ramani ilipoiweka.

Akaja Tusekile, sweta la kaka yake limemfika magotini.
Nikamimina.
"Umemwaga?"
Sikumwaga.
"Basi."
Basi nini?
"Basi ni kopo lilelile."

Kumbe kila alfajiri, mimi nikiwa bado nagombana na blanketi,
yeye na bibi yake wako kando ya lami wanapima maziwa.
Kopo ni la nusu lita, ukingo umebonyea.
Wateja huja na chochote: chupa ya soda, birika,
kidumu kilichokuwa cha mafuta ya alizeti.
Wapo wanaolalamika kwamba chombo hakijajaa.
Bibi habishani nao. Huinua kopo tu, waone.

Tusekile akamgeukia Ipyana, wakasemezana Kinyakyusa,
haraka, kama maji yanayoruka mawe;
mimi wa kutoka Singida nikasimama ukingoni.
Ipyana akacheka. "Ziko sawa, mwalimu."
Mbona mwanzo ulisema ndefu?
Akainamia vidole vya miguu yake.
"Uliuliza mara mbili."

Usiku ule, kwa mwanga wa simu, nilizitazama vema zangu nane.
Kwao, mkubwa akirudia swali,
jibu la kwanza lilikuwa kosa.
Nilipima nini, basi?
Maji, au heshima?

Nikaamua: Tusekile amevuka. Nimwandike hatua ya juu.
Kesho yake, wakati wa kwenda nyumbani, akanishika mkono,
akanionyesha Mlima Rungwe, mabega nje ya wingu.
"Ule unanifuata," akasema.
"Nikikimbia unakimbia. Nikifika kwetu, unalala."
Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni
kuhusu umbali, na jicho, na vitu vilivyo mbali.
Nikaimeza.
Tukatembea, na kusema kweli,
kati ya migomba na mashamba ya chai
mlima haukutuacha hata hatua moja.

Mkufunzi Mwasomola anakuja Alhamisi kunikagua.
Ataanzia mwisho, kama kawaida yake:
"Safu ya tathmini mbona tupu?"
Nimechonga penseli mara nne.
Kisanduku ni kimoja, na mtoto
mguu mmoja uko ndani, mwingine unacheza nje,
na kitabu hakikuniambia niandike nini
mtoto anayejua kopo akiamini pia mlima una usingizi.

Asubuhi kaniletea maziwa, zawadi ya bibi,
kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.
Nilikuwa naandika. Kiwiko changu kikakigonga.
Maziwa yakatembea juu ya andalio, polepole,
yakapita malengo, yakapita zana,
yakatulia kwenye ile safu tupu.

Tusekile akainama, akachungulia kichupa,
akachungulia karatasi.
"Sasa ndiyo umemwaga," akasema.