Saa Moja na Dakika Ishirini

Ukinywa kahawa kwa Duri wa posta
kisha uivuke nchi yetu kwa miguu,
utafika mpakani ulimi ungali na uchungu wake.
Kanisa moja, barabara moja,
taa moja ya njiani ambayo ng'ombe hawaiheshimu.
Tarnaz: ukipiga chafya, umetoka.

Mimi Gaudenz, karani wa daftari la watu.
Kiti changu kina shimo, shimo lina umbo langu.
Naandika kwa kalamu ya kuchovya,
maana fedha ya kompyuta iliziba paa la ngome,
upande wa magharibi tu.

Mkataba wa mababu, ngozi ya ndama, muhuri wa nta,
wasema: roho zikiwa chini ya elfu moja,
bonde litarudi kwa majirani
na maziwa yake, na madeni yake, na wafu wake.
Kila Januari majirani huleta barua,
huuliza kwa adabu: "Mko wangapi?"

Januari ile tulikuwa elfu kamili.

Ruprecht, mtawala wetu, usimdhanie mtu wa taji.
Taji liko rehani.
Yeye hufuga sungura, huvaa koti la marehemu baba yake,
hununua mkate Jumamosi jioni, bei ikishuka nusu,
na Barla mwokaji humwambia:
"Mtukufu, sogea, unaziba mlango."

Juu kabisa ngomeni alilala shangazi yake, Adelgunde,
miaka tisini na saba, blanketi nne, mbwa mmoja.
Alikataa kufa.
Kila asubuhi: "Mengia bado?"
Mengia, mke wa Gion mkamua ng'ombe,
ambaye babu yake alifungwa ngomeni humo
kwa kuokota kuni za akina Adelgunde.
Sasa mimba ya miezi tisa, na bibi mkubwa
akamtumia mto wake wa manyoya ya bata.
Mengia akaurudisha.
Ukatumwa tena.
Ukarudi na kipande cha jibini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ila mgeni huyu hakuwa na haraka.

Usiku wa theluji nzito, saa tisa,
mlango wangu uligongwa. Ruprecht, kofia mkononi,
viatu vinavuja maji sakafuni.
"Gaudenz, andika."
Nikachovya. Nikaandika jina, nikaandika saa.
Wino ulipokauka hatukuwa nchi.

Akakaa kwenye benchi la wanaosubiri vyeti.
"Sasa mimi ni nani?"
"Mfuga sungura," nikamjibu,
akacheka kicheko ambacho sijakisikia ngomeni.
Moto ulipofifia alitoka mwenyewe nje,
akarudi na kuni kifuani, theluji kwenye nyusi,
akapiga magoti mbele ya jiko langu akipuliza,
majivu yakamrukia usoni.
Dirishani tuliona tanuri la Barla limewaka.
Unga ulikuwa unaumuka bila kuuliza
ni wa nchi gani.
Askari wetu, yule mmoja, alikuwa amelala.

Saa kumi na dakika ishirini Gion aliingia bila koti:
"Msichana!"
Nikachovya tena.

Watu hudai Mtukufu aliruka kwa furaha.
Mimi nilikuwapo. Alichelewa kusimama.
Alitazama moto wake
kama mtu aliyeambiwa avae tena koti lililolowa,
kisha akafunga vifungo, kimoja kimoja,
akaenda kumzika shangazi yake.

Mtoto anaitwa Flurina. Ule mto anaulalia yeye.

Kwa majirani nilijibu: "Elfu moja."
Hawakuuliza saa ngapi.
Daftari halijafichwa, liko mezani;
kati ya jina na jina nimeacha nafasi,
upana wa kidole,
na humo sijaandika kitu.