Vidole Tisa

Kwanza ng'oa fyuzi, Lugembe, zote tatu,
uzitie mfukoni mwako. Usimshikishe mtu.
Kisha pima. Pima tena:
umeme haupigi hodi.
Funga ethi. Haya, panda.

Juu hapa Mabatini ni mawe na mabati,
ziwa linachungulia kwa mbali;
chini, Ng'washi mlangoni pa saluni,
mkono kiunoni: "Bado tu?"

Bado, mama.
Nyeusi kwanza, ndipo nyekundu, njano, buluu;
kila lagi naikaza hadi spana inigomee.
Palipolegea pana moto unaongoja usiku.

Vidole vyangu tisa vyanitosha kuhesabu:
fyuzi tatu,
nyaya nne,
watu wawili wa kurudi nyumbani.